Viwavi Kumi na Wawili wa Darasa la Tatu

Siku nilipoingia na sinia ofisini kwa mwalimu mkuu, waliokuwepo ni hawa. Mwalimu mkuu mwenyewe, Mwalimu Haonga, mtoto wa binamu yangu marehemu Tusayiwe. Nyumbani ananiita mama mdogo, kazini ananiita bibi, na akikasirika haniiti kabisa. Mwalimu Zuhura wa darasa la tatu, binti wa Tanga, ambaye hana ndugu kuanzia mpakani Tunduma mpaka Mlowo, kwa hiyo alikuwa na haki ya kutojua mambo yetu. Mzee Sichalwe, mwenyekiti wa kamati ya shule, mume wa rafiki yangu Elizabeti. Jenipha, kiranja wa darasa la tatu, mtoto wa Joeli fundi cherehani. Na mimi, Bibi Namwinga, mpishi wa uji na mshika funguo. Mutale, mtoto aliyetufanya tukutane, hakuwepo. Alikuwa na siku ya nane hajakanyaga shule.

Lakini nianze mwanzo, maana mimi nikianzia katikati Yusta huniambia nimechanganyikiwa.

Ninyi mlioachiwa jiko, Yusta na Rehema, na ninyi walimu wapya mnaofuga wadudu madarasani, mlisema niandike ya kazini. Ya vyeo sina, kwa sababu juu ya mpishi kuna moshi tu. Ya mshahara sitaandika, nataka mmalize kusoma mkiwa na nguvu. Nitaandika ya wanyama, kwa kuwa hakuna mtu aliyeniambia siku ya kuajiriwa kwamba kupika uji ni pamoja na kulea vyura.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mama Subilaga, Mndali wa kule Ibaba, Ileje. Alikuwa mfupi, na mwiko wake ulimzidi kimo. Akanipa. Akaniambia, "Uji ukianza kupumua, koroga kutoka chini. Ukikoroga juu juu unajifurahisha mwenyewe." Mafunzo yakaishia hapo. Saa tatu nilikuwa nimeunguza sufuria la kwanza, na watoto wakanywa wakasema bibi mpya anatia kahawa. Nilikuwa sijawa bibi wakati ule, ila mtoto akishakupa cheo hakuna ofisi ya kukata rufaa.

Wiki hiyohiyo nikapewa funguo za madarasa. Jioni nikafungua darasa la pili, nikakuta beseni la maji machafu mezani, yana majani na vitu vyeusi vinachezacheza. Nikasema, walimu hawa ni wachafu jamani. Nikamwaga kwenye maua, nikasugua beseni kwa jivu mpaka likang'aa. Asubuhi watoto arobaini na tano wakasimama kuzunguka beseni linalong'aa wakitafuta viluwiluwi wao, waliokuwa wameshaota miguu ya nyuma. Mwalimu Kibona, mwenye darasa hilo, akaniangalia. Hakunipigia kelele, alikuwa mlokole.

Mama Subilaga ndiye aliyenishika mkono. Tukaenda mtoni na ndoo, tukachota viluwiluwi wengine, tukarudi kabla ya uji wa saa nne. "Hawa ni walewale," akasema, "hawana majina." Watoto wakawahesabu, wakakuta wameongezeka. Somo la siku ile likawa kuzaliana. Kwa hiyo ninyi wahudumu wapya, sikilizeni: maji machafu darasani yaulizeni kwanza. Na kuku akiatamia kwenye kona ya darasa, msimhamishe hata kama mkaguzi anakuja. Sisi tulimhamisha, akasusa mayai, mkaguzi akaonyeshwa mayai viza na akaandika kuwa shule ina vifaa vya kufundishia.

Basi, miaka ikaenda. Mama Subilaga akarudi kwao Ibaba, nami nikabaki na mwiko. Ndipo akaja Mwalimu Zuhura.

Alikuja na ajira yake ya kwanza, na sanduku la vitabu, na sweta alilonunua njiani alipoona baridi yetu haina mzaha. Mtoto mzuri, tena mwalimu hasa. Alichora picha kubwa ukutani kwa rangi: yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na mishale inazunguka hadi inarudi kwenye yai. Pupa kamchora ananing'inia kwenye kijiti kama hereni. Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza, akawaambia watoto walete viwavi wawaone wakigeuka kwa macho yao.

Wengi walileta vile vya kwenye mahindi, vyembamba, vikafa siku hiyohiyo. Mutale alileta kumi na wawili, wanene kama kidole changu cha gumba, pamoja na matawi ya mti wanaoula. Mjomba wake aliwatoa porini huko upande wa Zambia, wakavuka mpaka kwenye kikapu na hakuna aliyewauliza pasi. Kwa asiyejua: viwavi hao ni chakula. Wabemba wanawaita finkubala. Hukamuliwa, hukaushwa, huuzwa sokoni, na ukiwakaanga na nyanya na kitunguu, ugali unakuwa mdogo. Mama yake Mutale, BanaMutale, ndiyo biashara yake. Nusu ya Tunduma inawala. Nusu nyingine inawala na kukana.

Mwalimu Zuhura akafurahi, akamwambia Mutale, "Wewe ndiye mtaalamu wetu." Mtoto yule, aliyekuwa hasemi darasani kwa kuogopa lafudhi yake kuchekwa, akawa ndiye anayebadilisha majani kila asubuhi, anawaeleza wenzake nani ni nani. Fundi seremala akatengeneza sanduku la mbao lenye wavu, ndani vikawekwa vijiti safi vya kuning'inia. Mimi nikazungushia jivu sisimizi wasipande. Hilo nalo andikeni: jivu, wala si dawa ya kupuliza.

Siku ya tisa viwavi wakaacha kula. Wakaanza kutembea, huku na huku, kona hadi kona, wanakanyaga vile vijiti kama havipo. Nikawajua mara moja. Mimi nimekulia porini na mama yangu tukiwaokota, na tulikuwa tunakimbizana na siku hiyo, maana wakishashuka kwenye mti wanaingia ardhini na umewakosa. Nikamwambia, "Mwalimu, hawa wanataka udongo."

Akacheka kwa adabu. "Bibi, wataning'inia tu. Kitabu kinaonyesha hivyo."

Sasa hapo, mtu mwenye akili angesema, mwalimu, hicho kitabu kimechora mdudu mwingine. Mimi nikasema, "Haya." Nina darasa la nne, yeye ana chuo. Nikaona nikae na uji wangu. Lakini Ijumaa jioni, nilipokuja kufunga darasa, roho ikaniuma kuwaona wakisugua vichwa kwenye mbao. Nikaleta udongo laini ndoo nusu, nikaumwaga sandukuni, nikanyunyiza maji kidogo. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja kweli. Jumamosi asubuhi nikapata simu ya msiba wa kaka yangu kule Kamsamba, nikampelekea mwalimu mkuu funguo, nikapanda basi.

Kamsamba nilikaa siku kumi, kwenye joto la kule linalopika mtu bila kuni. Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa na Yusta, aliyekuwa ameshika mwiko wangu, akiwa anamenya vitunguu na kulia, sikujua analilia kipi.

Jumatatu ile walifungua darasa wakakuta sanduku halina kiwavi hata mmoja. Kuna udongo tu. Jenipha, ambaye ukiranja ulikuwa umempanda kichwani kama kofia, akauliza, "Nani alikuwa zamu ya usafi Ijumaa?" Ilikuwa zamu ya Mutale. Jenipha akasema, "Mutale kawala! Kwao wanawala!" Mwingine akasema udongo kauweka yeye, ili watu wadhani wamefia humo. Darasa zima likaimba mla viwavi, mla viwavi. Na waimbaji hao nawajua mmoja mmoja na vyungu vya mama zao. Wanne kati yao mama zao hununua kwa BanaMutale kila Jumamosi.

Mutale akasema hajawagusa. Mwalimu Zuhura akawanyamazisha wenzake, lakini naye akamwita Mutale pembeni akamwuliza, "Niambie ukweli, sitakuchapa." Hilo swali ndilo lililovunja kila kitu. Mtoto alidhani mwalimu yupo upande wake. Akachukua mfuko wake akaenda nyumbani. Udongo wangu ukatolewa, ukamwagwa kwenye tuta la mchicha nyuma ya jiko, na sanduku likafutwa likawekwa chaki. BanaMutale akaja, akaambiwa na Mzee Sichalwe kwamba shule inataka ustaarabu wa chakula. Akajibu kwamba mwanawe anamhamishia Nakonde, upande wa pili, Jumatatu ijayo. Na Jumatatu hiyo ndiyo mtihani wa kufunga mwaka ulikuwa unaanza. Asipoufanya, akienda kule anaanza upya na watoto wadogo, kwa lugha nyingine, na jina la mwizi wa viwavi linamfuata, maana mpaka wetu huzuia malori, hauzuii maneno.

Nikamwuliza Yusta, "Huo udongo mmeumwaga wapi hasa?"

Akanionyesha. Nikaanza kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia, udongo ni wangu, mtoto hana kosa, wadudu wamo ardhini.

Akavua miwani. "Bibi, unamtetea kwa sababu na wewe unawala."

"Nikiwala mimi, Mwalimu, kumi na wawili hawafiki hata kwenye jino. Na wewe kwangu Krismasi ulidhani umekula nini?"

Akavaa miwani. "Lete ushahidi," akasema, kama hakimu.

Nikaenda kwenye tuta. Kwanza nikamshukuru Mungu, maana mchicha ulikuwa haujapaliwa, na Yusta kwa bahati ni mvivu. Nikapiga magoti, nikachimba kwa kijiko cha uji, si kwa jembe, jembe lingewakata. Kuku walikuwa wamenitangulia, nilikuta mashimo yao. Nilichimba tangu saa nne mpaka kengele ya saa sita, na nikifikiri kichwani: kama kuku wamewamaliza, basi mimi nimemfukuza mtoto shule kwa ndoo nusu ya udongo na mdomo uliofungwa. Nilipata wa kwanza chini ya bonge gumu. Halafu wa pili. Jumla nikapata watano. Nikawaweka kwenye sinia na udongo wao, nikaingia ofisini bila kubisha hodi, na magoti yangu mekundu.

Mwalimu mkuu alikuwa na wale niliowataja: Mwalimu Zuhura na Jenipha walikuwa wameitwa kuandika maelezo, Mzee Sichalwe alikuja kuyagonga mhuri.

Nikaweka sinia juu ya karatasi zao. Mwalimu Zuhura akainama. "Hizi ni kokwa za tende?"

"Ndiyo wale viwavi wako," nikasema. "Hawaning'inii. Wanajizika. Udongo niliuweka mimi Ijumaa, nikanyamaza. Ukitaka kuandika maelezo, andika jina langu, Namwinga kwa herufi kubwa."

Mwalimu mkuu akasema hiyo inaweza kuwa mbegu tu. Basi Mzee Sichalwe, yule wa ustaarabu wa chakula, akajisahau. Akaichukua moja, akaitazama, akasema, "Ah, hawa ndio wenyewe. Wakishafika hapa utamu wote umekwisha."

Mzee Sichalwe akairudisha kwenye sinia taratibu, akaanza kukohoa ambako hakukuwa na ugonjwa wowote.

Nikamwambia Jenipha, "Mguse, polepole." Akagusa kwa ncha ya kidole. Kile kitu kikavu kikatikisa mkia. Jenipha akaruka mpaka mlangoni, kisha akaanza kulia, na Mwalimu Zuhura naye machozi yakamtoka, akasema kwa sauti ndogo, "Nimemwuliza mtoto ukweli, na alikuwa ameshanipa."

Mchana uleule tukaenda kwa BanaMutale, sisi watatu: mwalimu, Jenipha na mimi. Mwalimu mkuu alisema angetutangulia kimawazo. Nyumba yao ni nyuma ya soko, na uani kulikuwa na mikeka ya finkubala wanaokauka, maelfu, weusi kama makaa. Jenipha alipita katikati ameshika sketi yake.

BanaMutale akatupokea kama wanavyopokea wao, kwa magoti na makofi madogo. "Mwaiseni, mukwai. Karibuni kwa wezi."

Mwalimu Zuhura akakaa chini kwenye mkeka, akakataa kigoda. "Mama, nimekuja kukiri kosa mbele yako. Mwanao hakuiba. Mimi nilifundisha nisichokijua, na aliyekijua nilimtilia shaka."

"Mwalimu," BanaMutale akasema, "ona uani kwangu. Mtoto analala na magunia. Akaibe kumi na wawili? Hapa kumi na wawili ni wale wanaodondoka nikifagia."

Nami nikasema langu, la udongo. Akanigeukia. "Na wewe, bibi, mtu mzima. Ulijua ukanyamaza."

"Nilijua nikanyamaza."

"Basi," akasema. Akaingia ndani akatoka na sahani ya finkubala wa moto, wenye nyanya na kitunguu. Kwao mtu aliyeiletea nyumba neno baya haondoki hajala cha nyumba hiyo, vinginevyo neno linabaki limekaa pale mkekani. Akaiweka mbele ya Jenipha. "Huyu aliyesema kwetu tunawala, ni kweli, tunawala. Aonje, halafu aseme tena akiwa anajua."

Jenipha akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama bati. Jenipha akanitazama mimi, nikamtazama mwalimu. Mtoto akafumba macho, akatafuna. Akafumbua jicho moja. "Kama dagaa," akasema. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu.

Nyuma ya pazia kukatoka sauti, "Wa nne ni wangu."

Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Mutale kwa siku nane. Akatoka, akakaa, wakala sahani moja. Hakusamehe haraka, msije mkadhani. Alisema atakuja shule kwa sharti: mwalimu aseme mbele ya mstari, siyo darasani tu. Na wale watano asiwashike mtu mwingine ila yeye na bibi.

Ijumaa Mwalimu Zuhura akasema mbele ya mstari, shule nzima ikisikia. Nami nikasimama na aproni yangu nikasema la udongo. Kuna walimu waliniambia baadaye kwamba mpishi kusimama mstarini si utaratibu. Niliwashukuru. Jumatatu Mutale akafanya mtihani.

Sasa mambo ya kiufundi, maana mnaweza kuyahitaji. Pupa hao hatukuwarudisha sandukuni. Tuliwaweka kwenye debe la mafuta lililotobolewa chini, udongo wa porini, stoo, mbali na moto wa jiko. Msiwamwagilie kila siku kama mchicha, wataoza. Kiangazi kizima ni vikombe viwili vitatu tu. Vitabu vinasema wiki mbili. Hawa wetu hawajasoma. Ilipita Krismasi, Pasaka, likizo ya mwezi wa sita. Mutale akiwa darasa la nne alikuja kila Jumatatu, anafukua kidogo, anagusa, mkia unatikisika, anafukia. "Bado wapo, bibi." Mwalimu Haonga aliniuliza mara mbili kama nalipika lile debe. Wawili wakakauka, mkia ukaacha kutikisika, na Mutale akawatoa mwenyewe bila neno. Wakabaki watatu. Na wapo watoto waliokuwa bado wanamwita mla viwavi kwa chinichini, wakisema bibi kaokota kokwa tu, tutaona.

Mvua za mwaka uliofuata zikapiga siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu Mutale akaja akikimbia, hakusalimia hata, akanivuta aproni. Juu ya ukingo wa debe alikuwa amekaa nondo, mkubwa kama kiganja changu, kahawia, na kwenye mabawa madoa mawili kama macho yanayokutazama. Alikuwa bado anakunjua mabawa, yana majimaji. Watoto wakajaa mlangoni mpaka wakazuia mwanga. Hakuna aliyeimba kitu. Jenipha akawapanga foleni, kiranja ni kiranja, na akasema, "Msimkaribie, muulizeni Mutale kwanza."

Na Mutale akawaeleza, kwa lafudhi yake yote, kwa sauti. Yai, kiwavi, udongo, subira ya mwaka, nondo. Mwalimu Zuhura akachukua chaki, akaenda ukutani kwenye ile picha yake nzuri, akakipiga mstari kijiti cha kuning'inia, akampa Mutale achore ardhi.

Halafu mwalimu akasoma kwenye kitabu kingine, alichokuwa ameagiza Dar es Salaam, kwamba mdudu huyu akishakomaa hana mdomo wa kulia. Hali, hanywi. Hutaga mayai na kufa kwa siku chache. Watoto wakamhurumia. Mimi nikasema afadhali yeye hakupewa. Mimi nilipewa, nikaufunga Ijumaa jioni kwa sababu ya darasa la nne na chuo, na mtoto akalipa siku nane.

Ninyi wapishi, mkiona kitu darasani, semeni. Watacheka kwa adabu. Semeni tena.

Nimeandika kwa kichwa, hakuna daftari la viwavi. Kama nondo wa kwanza hakuwa wa kahawia, kama Jenipha alikula watatu au watano, kama Mama Subilaga hakuwa wa Ibaba bali wa kijiji cha jirani, nirekebisheni, mimi sitakasirika sana. Ila aanze Mutale. Mwalimu Haonga na Mzee Sichalwe wasubiri nje, nitawaita.